Uliza Ujibiwe: Nataka Kufunga na Kuomba, Nianzie Wapi?

Kila Kwaresima inapoingia barua za kufunga huongezeka, na safari hii nyingi zimetoka Malindi na viunga vyake. Zilizofanana tumeziunganisha. Anayeumwa au anayetumia dawa asome jibu la barua ya tano kabla ya kujaribu lolote katika haya.

*Kanisa letu limetangaza mfungo wa siku 21. Niliokoka mwaka jana na sijawahi kufunga hata siku moja. Wenzangu wanasema niingie tu, nguvu zitakuja mbele ya safari. Nianze vipi? (Dada wa Muyeye)*

Dada, anza na mlo mmoja. Chagua siku moja katika juma, Jumatano au Ijumaa, ambazo Wakristo wa karne za mwanzo walikuwa wakifunga. Jioni ya kuamkia siku hiyo kula kama kawaida, umalize saa 2 usiku. Juma la kwanza ruka chai ya asubuhi na ufungue saa 6 mchana. Hapo umeshakaa saa 16 bila chakula. Juma la pili sogeza hadi saa 9 alasiri, juma la tatu hadi saa 12 jioni. Juma la nne usiongeze kitu, rudia lile la tatu. Wengi wanaovunjika moyo ni wale walioruka kutoka milo mitatu kwa siku hadi kutokula kabisa siku tatu, wakaumwa kichwa, wakatapika, kisha wakaona aibu kurudi.

Hicho kichwa mara nyingi si njaa. Ni chai. Aliyezoea vikombe vitatu kwa siku akiviacha ghafla huanza kugongwa kichwani kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, kwa sababu mwili unaidai kafeini. Dawa yake ni kupunguza mapema: siku tatu kabla kunywa viwili, kesho yake kimoja, siku ya mwisho nusu. Wa kahawa chungu ya magengeni wafanye vivyo hivyo.

Mlo wa usiku wa kuamkia mfungo usiwe karamu. Ukijaza tumbo pilau utaamka na kiu na njaa kali zaidi. Sima au wali kiasi, mbaazi au kunde, kipande cha samaki, mboga za majani. Epuka ng'onda usiku huo, chumvi yake itakukausha. Ukiamka kunywa bilauri mbili za maji, kisha bilauri moja kila baada ya saa moja hivi. Njaa hupanda na kushuka. Itakubana saa ile ile uliyozoea kula, na ukivumilia nusu saa, mara nyingi hulegea.

Sasa hizo siku 21. Asili yake ni Danieli 10, pale Danieli alipoomboleza majuma matatu kamili. Lakini soma mstari wa 3: hakuacha kula. Aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Kwa hiyo unaweza kuingia na wenzako kwa namna hiyo: sima, muhogo, viazi vitamu, maharagwe, mchicha, ndizi na korosho, bila nyama, soda, sukari wala vya kukaanga. Juu yake ongeza Jumatano na Ijumaa za kuruka mlo kwa hatua tulizotaja. Mwambie kiongozi wako wa maombi hivyo waziwazi. Kiongozi mzuri atafurahi kuwa umepima.

Na kabla ya siku ya kwanza andika kwenye karatasi, kwa sentensi moja, unachomtafutia Mungu uso. Kimoja tu. Asiye na sababu ya kufunga, ikifika saa 5 hupata sababu ya kufungua.

*Nafanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi Gongoni. Mhubiri mmoja amesema mfungo wenye maji si mfungo, ni kujidanganya. Nilijaribu mfungo mkavu, saa 8 mchana nikaona kiza. (Kibarua, Gongoni)*

Ndugu, usirudie tena. Mtu anayefanya kazi nzito kwenye jua kali anaweza kutoka jasho lita moja kwa saa, na kwenye chumvi jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Jasho likitoka bila maji kuingia, damu hupungua ujazo, moyo hukimbia, na ukisimama ghafla ubongo unakosa damu ya kutosha. Ndicho hicho kiza. Hatua inayofuata ni joto kushindwa kutoka mwilini, na hilo huua mtu siku hiyo hiyo.

Kimaandiko, mhubiri amekaza kamba kupita kiasi. Esta aliomba watu wasile wala wasinywe siku tatu, na akataja kunywa waziwazi kwa kuwa ulikuwa mfungo wa dharura, watu wake wakikabiliwa na kuuawa. Habari za Bwana Yesu nyikani zinasema hakula siku 40, kisha akaona njaa. Hazisemi aliona kiu. Mfungo wa maji ni mfungo.

Wewe funga siku usiyo na kibarua. Ukikosa siku hiyo, geuza saa: kula chakula cha mchana saa 7, kisha usile tena hadi saa 1 asubuhi. Ni saa 18, na sehemu kubwa ni jioni na usiku, jua halipo. Chakula unachoacha ni cha usiku, na huo ndio wakati wako wa kuomba. Kazini kunywa maji kama kawaida. Ukibanwa na misuli au ukaanza kizunguzungu, kaa kivulini na ukoroge maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visifurike. Kunywa taratibu. Mfungo wa siku hiyo umekwisha, na hujamkosea mtu. Ukianza kuchanganyikiwa, kutapika, au mwili ukawaka moto, wenzako wakukimbize hospitali, si kwenye maombi kwanza.

*Nikifungua jioni tumbo huniuma hadi usiku wa manane. Je, ni vita vya kiroho? (Msomaji, Watamu)*

Tuambie kwanza unafungua na nini. Barua yako inataja viazi karai, bajia na soda baridi kutoka kibanda cha jirani, na jibu liko hapo. Tumbo lililopumzika saa 20 hupokea mafuta polepole. Ukilirundikia vya kukaanga vinakaa, vinatoa asidi, vinapanda kifuani. Soda baridi inaongeza gesi.

Fungua kwa maji ya uvuguvugu au dafu, na tende mbili au ndizi moja. Omba, shukuru, ngoja dakika 15. Kisha uji mwembamba au supu, na baada ya nusu saa chakula chenyewe, nusu ya sahani yako ya kawaida. Pilipili na ndimu ziache hadi kesho. Tumbo likiendelea kuuma hata ukifungua hivi, huenda una vidonda vya tumbo, na mwenye vidonda asikae na tumbo tupu mpaka atibiwe.

Hayo ni ya mfungo wa siku moja. Aliyekaa siku mbili au tatu kwa maji tu atumie siku nzima kurudi: uji, matunda, supu ya mboga, kidogo kidogo kila saa mbili. Na aliyekaa siku tano au zaidi bila chakula asipewe sahani ya wali nyumbani. Chakula kingi kikiingia ghafla, madini ya damu kama potasiamu na fosfeti hushuka kwa kasi na moyo unaweza kusimama. Huyo hulishwa hospitalini, kwa kipimo.

*Mchungaji anasema kufunga bila kuomba ni kushinda na njaa. Lakini nikipiga magoti, dakika 5 tu maneno yamekwisha. Nabaki nawaza chakula au napitiwa na usingizi. (Mwendesha bodaboda, Maweni)*

Mchungaji wako amesema kweli, na barua yako imetugusa kuliko zote. Wengi wanajua kuacha chakula. Wachache wamefundishwa cha kuweka mahali pake. Kanuni ya kwanza ni ya saa: muda ambao ungekula ndio muda wa kuomba. Ukiruka chai ya asubuhi, dakika 20 za chai ni za maombi. Ukiruka cha mchana, nusu saa ile ni ya maombi. Usipofanya hivyo, siku nzima itapita kazini na ukifika jioni umechoka, umekasirika, hujasema na Mungu hata neno.

Usianze na maneno yako. Anza na Zaburi, na uisome kwa sauti. Zaburi ya 63 inafaa siku ya kwanza, maana mwenyewe yuko nyikani anasema nafsi yake inamwonea Mungu kiu. Isome yote mara moja. Rudi mwanzo, soma mstari mmoja, simama, useme jambo hilo hilo kwa maneno yako na kwa mambo yako: deni la pikipiki, mtoto anayekohoa, yule uliyemtukana stendi. Mstari wa pili vivyo hivyo. Utashangaa dakika 10 zimepita. Siku ya kutubu chukua Zaburi ya 51 au 130. Siku ya kushukuru, 103.

Kisha watu. Usiseme tu «bariki familia yangu». Andika majina saba kwenye karatasi, na kila jina liwe na ombi moja ambalo utaweza kujua kama limejibiwa. Yataje polepole. Kisha nyamaza dakika tatu bila kuomba kitu. Mwanzoni ni ngumu, ndiyo maana tunasema tatu.

Malizia na Baba Yetu, lakini usiikimbize. Simama kila baada ya ombi. Ukifika «Utupe leo riziki yetu» ukiwa na tumbo tupu, utaisikia sala hiyo kama hujawahi kuisema.

Akili ikikimbia, usigombane nayo. Wazo la tairi limekuja? Liandike kando, ulikabidhi, urudi kwenye mstari. Wazo la chakula likija, lifanye ombi: mtaje mtu unayemjua ambaye leo hakuwa na hiari ya kula au kutokula. Usingizi hutokana na mkao. Magoti, macho kufumba na kichwa juu ya kiti ni mkao wa kulala. Simama, au tembea ufukweni asubuhi na mapema macho wazi. Na usiunganishe mkesha na mfungo katika miezi ya kwanza. Mwili usiolala na usiokula hauombi, unapigana na nafsi yake, na wewe asubuhi una abiria mgongoni. Ukihisi kizunguzungu barabarani, egesha, kunywa kitu chenye sukari, ufungue.

Tuongeze moja kwa sababu vijana kadhaa wameuliza: kutafuna muguka ili njaa isisikike si kufunga. Umebadilisha kitu kinachokutawala, basi.

*Nina kisukari na presha, nameza vidonge. Wenzangu wa kikundi cha maombi wamesema nikifunga siku tatu na kuziacha dawa, nitapona. (Mama wa Ngala)*

Shikamoo Mama. Usiache dawa hata siku moja, na usifunge chakula.

Vidonge vingine vya kisukari, kama glibenclamide, huisukuma kongosho itoe insulini uwe umekula au hujala. Ukivimeza bila kula, sukari hushuka: kwanza mikono inatetemeka, jasho baridi, moyo unadunda, kisha maneno yanavurugika, kisha mtu anazimia. Wenye sindano za insulini wako katika hatari hiyo hiyo. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 (mmol/L), korogea vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, nywa, pima tena baada ya dakika 15. Ukiziacha dawa, sukari na presha hupanda, na kiharusi hakingojei siku tatu ziishe.

Uamuzi wa kufunga chakula kwa mtu kama wewe hufanywa na daktari anayekuhudumia, si na kikundi. Lakini kuna mfungo ulio wako kabisa. Kula chakula chako cha kisukari kwa saa zake, na ufunge runinga, simu baada ya saa 1 usiku, au maneno ya kuwasema watu. Muda huo ombea wale wasioweza kuamka kuomba. Kanisa Katoliki lenyewe huwataka kwa sheria wafunge walio na miaka 18 hadi 59 tu, siku mbili kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hata hao huruhusiwa mlo mmoja kamili na viwili vidogo. Wagonjwa hawamo.

Wengine wasiofunga chakula ni wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, waliowahi kujinyima chakula hadi kuugua, na walio kwenye dozi. Anayemeza ARV au dawa za kifua kikuu asiruke hata kidonge kimoja. Dawa ya malaria ya AL, zile dozi 6 za siku 3, humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ama maziwa, la sivyo haifyonzwi ipasavyo, mfungo usubiri.

*Mama yangu aliposikia ninafunga alilia. Tunaishi Barani, na ndugu wa jirani yetu walifia Shakahola. Nitamwambia nini? Na nitajuaje mafundisho ya kwetu ni salama? (Kijana, Barani)*

Usimwambie ana imani haba. Ana haki ya kulia. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule, watoto wakiwemo, watu walioambiwa kwamba kufa njaa ni njia ya kukutana na Yesu. Yeyote anayefundisha kufunga hapa kwetu sharti aanze kwa kulikumbuka hilo.

Mketishe, umweleze saa ya kuanza na saa ya kufungua, na kwamba unakunywa maji. Fungua mbele yake, ikiwezekana kwa chakula alichopika yeye. Kama hataki kabisa na wewe unaishi kwake, funga kitu kingine mwaka huu.

Kuhusu mafundisho, angalia haya. Mfungo wa kweli una mwisho unaojulikana kabla haujaanza. Una ruhusa ya kuacha wakati wowote bila kulaaniwa. Hauwagusi watoto. Hauzuii hospitali, shule wala kusema na jamaa zako. Hauuzwi. Na anayeuongoza anafunga na kufungua hadharani pamoja nanyi. Likikosekana moja tu katika hayo, toka, na uwaambie wazee wa mtaa au chifu, maana kunyamaza ndiko kulikowapa wengine nafasi.

Anayekuambia kula ni udhaifu msomee Matendo 27. Watu kwenye merikebu wamekaa siku 14 bila kula, na Paulo anawasihi wale kwa ajili ya wokovu wao, kisha anatwaa mkate, anashukuru, anaanza kula yeye kwanza. Eliya alipotaka kufa, malaika alimwamsha mara mbili ale mkate na anywe maji. Katika Biblia Mungu halishi njaa, hulisha watu.

*Mimi ni mpishi hotelini. Nikionja mchuzi nimefungua? (Casuarina)*

La. Kuonja chumvi kwa ncha ya kijiko ni kazi yako. Ila jijue: kama kijiko cha tatu hakikuwa cha chumvi, mwachie mwenzako aonje. Kuna wapishi wanaohamishia mfungo wao siku ya mapumziko, na ni busara.

*Jirani yangu Mwislamu huniletea futari Ramadhani. Siku nyingine mimi mwenyewe nimefunga. Nikatae? (Mama wa Shella, Malindi)*

Usikatae, Mama. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu na mwandamo wa Ramadhani viliangukia juma moja, kwa hiyo jambo lako limewapata wengi. Futari huja magharibi, na wewe pia waweza kupanga kufungua saa hiyo hiyo. Kama mfungo wako unavuka usiku, pokea kwa mikono miwili, shukuru, wape watoto. Huna haja ya kutangaza. Mathayo 6 inataka unawe uso na ujipake mafuta ili watu wasitambue. Na sahani isirudi tupu. Isaya 58 inaunganisha saumu na kumgawia mwenye njaa chakula, kwa hiyo weka kando thamani ya mlo ulioruka, hata kama ni mahamri mawili na mbaazi, umpelekee anayehitaji siku hiyo hiyo, si mwisho wa Kwaresima.

*Mume wangu akifunga anahamia chumba kingine bila kuniambia, hata majuma mawili. (Mke, Mpeketoni)*

Mwonyeshe 1 Wakorintho 7:5, na msome pamoja. Kunyimana kwa ajili ya kuomba kuna masharti: mpatane, kwa muda, kisha mrudiane. Akipanga peke yake, amevunja la kwanza. Pangeni siku na mwisho wake kabla hajaanza.

*Nilisahau nikala hamri saa 4 asubuhi. Siku imeharibika? (Msomaji, Gede)*

Haijaharibika. Nawa mkono, endelea hadi saa uliyopanga, na usiongeze siku ya adhabu.